Mahali Mwalimu Alipoacha Wazi

Mwalimu alichonga penseli kwa panga. Lilikuwa panga lile lile la kukatia ng'ombe majani. Alililaza juu ya goti, akaisukuma penseli mbele pole pole mpaka ncha ikatoka nyembamba kama mwiba. Sikumwona akijikata hata siku moja. Kichongeo cha chuma alikuwa nacho, nakijua, kilikaa ndani ya mkebe wa majani ya chai pale dirishani kwake. Lakini alisema kichongeo kinakula penseli haraka, na yeye hakuwa mtu wa haraka.

Jina lake nalijua. La baba yake nalijua, na la mama aliyemzaa. Majina hayanipotei mimi. Niliolewa Kilungu kutoka Migwani, kule Kitui, nikiwa msichana, na mpaka leo naweza kukutajia wote waliokuja kunisindikiza, nani alikuja na mbuzi na nani alikuja na mdomo tu. Lakini jina la Mwalimu sitaliandika hapa. Aliniomba nisiliandike, na alivyoniomba nitasema nikifika huko.

Shamba lake na letu yalitenganishwa na kijito. Ng'ambo ile alikuwa na nyumba ya mabati, mkewe Katunge, na ng'ombe mmoja mkorofi. Asubuhi alifundisha shule ya msingi, na jioni alichimba mitaro ya kuzuia udongo, kwa sababu kwetu Kilungu ardhi imesimama kama ukuta, na usipoifunga kwa mitaro mvua moja tu inakuachia mawe. Alipochimba, midomo yake ilikuwa inacheza. Watu walidhani anaomba. Syombua, jirani yangu wa upande wa juu, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua Jumapili, aliniambia, "Huyo haombi, Mama Ndunge. Mtu akiomba husema amina. Huyu nimemsikia, husema hapana, hapana."

Siku moja nilimuuliza mwenyewe, tukiwa kila mtu upande wake wa kijito.

"Mwalimu, unasema na nani?"

"Na watu wa kitabu," akasema. "Nikikaa mezani wote huongea kama mimi, kama walimu. Nikishika jembe kila mmoja anaongea kama yeye."

Ndivyo nilivyojua anaandika. Halikuwa somo la shule. Ilikuwa hadithi ndefu ya watu wasiokuwako, walioishi kwenye vilima kama vyetu, na aliiandika kwa penseli kwenye madaftari yale ya jalada la kijivu. Wakati mwingine alivuka kijito kuja kuniuliza jambo, akasimama mlangoni asiingie, kofia mkononi.

"Mama Ndunge, mwanamke akiwa amemkasirikia mumewe, na kuna mgeni ndani, atasemaje?"

"Hatasema kitu. Atamwambia mgeni aongeze chakula."

Akacheka, akaandika kwenye kiganja, akarudi kwake mkono ukiwa wazi kama mtu aliyebeba yai.

Alikuwa na neno lake moja ambalo wote tulilijua. Akimaliza ukurasa, alisema, "Si mbaya, lakini si kweli." Kisha anaukunja. Katunge alikuwa akiziokota karatasi zile na kuwashia moto. Nilimkuta asubuhi moja anapuliza jikoni, macho yana moshi, akaniambia, "Karibu, Mama Ndunge. Hii ni sura ya tatu. Sura ya tatu inashika moto vizuri, ya pili ilikuwa na unyevu." Alikuwa anacheka. Lakini nilimwona akiigeuza karatasi moja na kuisoma kwanza, midomo ikisogea, kabla hajaisukuma chini ya sufuria.

Wazee wa kanisa walimwita kwa ajili ya uandishi ule. Yeye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, alikusanya sadaka. Mmoja akamuuliza mbele ya wengine, "Mwalimu, hawa watu unaowaandika, walikuwako?"

"Hapana."

"Na hayo waliyofanya, yalifanyika?"

"Hapana."

"Sasa hiyo ni nini kama si uongo?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Mzee wangu," akasema, "hilo ndilo swali linaloninyima usingizi. Ukipata jibu kabla yangu nitumie mtu."

Walimwacha. Lakini lile swali hakuliacha yeye, na nafikiri lilimla kuliko walivyodhani.

Darasani alikuwa mkali kwa jambo moja. Mtoto akikosea hakuruhusiwa kufuta. "Piga mstari, endelea," alisema. "Mwenye kufuta anataka watu wadhani hajawahi kukosea." Watoto wangu wote wanne walipita mikononi mwake na wote waliyarudia maneno hayo nyumbani. Lakini yeye, na hadithi yake, alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Niliona kurasa zake kwenye mwanga wa dirisha, zina matundu kama majani yaliyoliwa na viwavi. Nikamuuliza kwa nini watoto wapige mstari na yeye afute. Akasema, "Watoto wana haki ya kukosea."

Nieleze sasa habari ya Kilonzo, maana bila hiyo huwezi kuelewa tulivyofungwa pamoja mimi na Mwalimu.

Siku ya wazazi shuleni, Mwalimu alisoma kipande cha hadithi yake mbele ya watu. Ilikuwa ya mwanamume aliyeiba asali kwenye mzinga wa shemeji yake. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mwizi yule aliitwa Kilonzo. Kesho yake, Mzee Kilonzo alivuka vilima viwili na fimbo yake mpaka uwanja wa shule.

"Mwalimu. Ni mzinga upi niliiba?"

"Si wewe, mzee. Ni Kilonzo wa hadithi."

"Mimi ni Kilonzo. Babu yangu alikuwa Kilonzo. Kuna mjukuu wangu ananyonya pale nyumbani, ni Kilonzo. Nichagulie mwizi ni yupi kati yetu."

Kwetu jina si nguo ya dukani. Mtoto anaitwa kwa jina la mtu wa ukoo, na mtu huyo anakuwa yuko tena. Mtoto wa kwanza wa kike ni wa mama yake baba, na wengine wanafuata, kila mmoja na wake. Kwa hiyo ukishika jina lolote umeshika mkono wa watu, walio hai na walio chini. Mwalimu akambadilisha mwizi akamwita Muli. Watu wa Muli wakaja. Wiki haijaisha, mwizi wa asali akawa "mtu mmoja."

"Nimebaki na watu wasio na majina," aliniambia. "Kitabu changu kimekuwa kama ripoti ya polisi." Alicheka, lakini macho hayakucheka.

Syombua akamwambia, "Si uandike ya watu wa Kitui? Huyu Mama Ndunge ni wa huko, atakupa majina. Ila wakikuroga usituite."

Uhuru ulikuwa na miaka kama minane hivi, tukaanza gumbaru kanisani, masomo ya watu wazima, mchana baada ya kutoka shamba. Mwalimu ndiye aliyetufundisha. Nilikuwa nimesoma kidogo Migwani nikatolewa, herufi nilizijua kama unavyowajua watu wa kanisa lingine, kwa sura tu. Benchi la mbele tulikaa Syombua, Mbithe, Wayua na mimi. Somo la kwanza lilikuwa mtu aandike jina lake.

"Mwalimu," Syombua akasema, "langu ni refu. Nikilimaliza isyo yangu itakuwa imeungua." Isyo ni mahindi na maharagwe, na Syombua aliyaacha motoni kila siku.

"Andika Syo leo," Mwalimu akamwambia. "Mbua utaleta kesho."

Somo lililofuata lilikuwa majina ya watoto wetu, kila mmoja na mstari wake, kuanzia wa kwanza. Niliandika Ndunge. Nikaandika Musyoka, Kioko, Mumbua. Mwalimu akapita nyuma yangu akasimama.

"Mama Ndunge, umeruka mstari wa kwanza. Tunaanzia juu."

"Nimeanzia juu," nikasema.

Hakuuliza tena mbele ya wengine. Aliningoja nje baada ya somo, na sijui kwa nini nilimwambia, kwa sababu sikuwa nimemwambia mtu.

Mwaka wa Uhuru nilizaa mtoto wa kike. Aliishi siku moja na usiku wake na kipande cha siku ya pili. Zamani kwetu wanawake walikusanyika siku ya tatu kumpa mtoto jina, na kabla ya hapo hakuwa mtu bado, alikuwa wa mizimu. Tulikuwa Wakristo, lakini jambo hilo lilikuwa bado limekaa ndani ya watu. Mtoto aliyekufa kabla ya jina hakuliliwa. Mama mkwe wangu na mwanamke mwingine, Kalekye, walimchukua wakapita naye nyuma ya nyumba kuelekea migomba, na waliporudi mikono yao ilikuwa imelowa mpaka viwiko. Hawakuniambia ni wapi. Mama mkwe alinipa uji, akasema, "Kunywa. Hakujawa na kitu." Na baada ya miaka miwili nilipozaa msichana, jina la mama mkwe, ambalo lingekuwa la yule, likaenda kwa huyu. Ndiye Ndunge. Ndiyo maana mimi ni Mama Ndunge, na kila nilipoitwa hivyo niliona kama kuna mtu nyuma yangu ameshika nguo yangu akingoja aitwe naye.

Hayo nilimwambia Mwalimu pale nje ya kanisa. Nikamwambia pia, "Sisi tunaipa jina hata njaa. Tunakaa na kutafuta jina zuri la njaa. Yule hakupewa."

Kisha akasema neno ambalo lilinifunga miaka yote iliyofuata.

"Mimi natafuta jina lisilo na mwenyewe. Na wewe una mwenyewe asiye na jina. Niachie. Nitamweka kwenye kitabu, na jina nitamtafutia."

Nikamwachia.

Sasa nitasema jambo ambalo ukilisikia vibaya utadhani nilikuwa nimechanganyikiwa. Mtoto wangu alianza kukua. Alikua ng'ambo ya kijito, kwenye madaftari ya kijivu. Siku za soko la Nunguni nilipita kwa Mwalimu na kiondo changu, nikauliza kama mtu anayeuliza habari za mtoto aliyepelekwa kwa shangazi.

"Amefanya nini wiki hii?"

"Ameng'oka jino la mbele. Amelitupa juu ya paa."

Wiki nyingine, "Jana alikataa kuvuka mto. Nilimlazimisha, nikaandika amevuka, nikafuta. Hataki. Sijui ameona nini ndani ya maji."

"Usimlazimishe," nikamwambia. "Mimi pia nilikuwa naogopa maji."

Akaniangalia. "Sikujua hilo."

"Hukuniuliza."

Alisema hilo ndilo lililomtisha kuliko yote katika kazi ile. Siku nyingi alikaa na penseli na kila kitu alichoandika kilikuwa kikavu kama ubao, cha kulazimisha. Kisha siku moja jambo linakuja lenyewe, hajui limetoka wapi, na ni hilo tu ambalo ni kweli. "Sasa mimi ni nani hapo?" aliniuliza. "Yale mabaya ni yangu. Yale mazuri yanapita tu. Ni kama mtu anayelinda mlango wa nyumba ambayo hajawahi kuingia."

Nilichotaka mimi kilikuwa kitu kimoja. "Na jina?"

"Bado. Nimejaribu mengi. Kila nikiandika moja nasikia mtoto mwingine ameitika."

Mume wangu Mutisya hakupenda. "Unavuka kijito kwenda kuuliza habari za mtu asiyekuwako," alisema, "na waliopo wanangoja chakula." Alikuwa na haki. Binti yangu Ndunge, akiwa mkubwa tayari, aliniuliza siku moja tukipura mbaazi, bila kuinua macho, "Mama, yule wa Mwalimu sasa yuko standadi ngapi?" Nilijibu, "Ya sita," kabla sijafikiri. Akaendelea kupura. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania au alikuwa ananiomba nimwangalie yeye.

Na migomba ile ya nyuma ya nyumba, nilikuwa nikiipita nayo ikipiga majani yake hata pasipo upepo, au mimi ndiye niliyesikia hivyo. Sikula ndizi yake hata moja. Niliuza zote.

Mwalimu alipopata kama madaftari tisa, watu walimwambia apeleke Nairobi kwa wachapishaji. Posta ya karibu ilikuwako, lakini karani alimjua, na Mwalimu hakutaka anayemjua aone. Akapanda basi mpaka Makindu, mbali kule chini kwenye joto. Aliondoka alfajiri na furushi limefungwa kwa kamba ya katani. Jioni akarudi na furushi lile lile.

"Nilipanga foleni," aliniambia. "Nikafika mbele. Karani akauliza, mzee, kilichomo ni nini? Ni vitabu? Nikasema, bado. Ni barua? Nikasema, ni ndefu mno kuwa barua. Akaniambia nikae kando nifikirie. Nikampisha wa nyuma yangu. Nikapanga tena mara mbili, na kila nikifika dirishani nampisha mtu."

"Na chakula ulikula?"

"Kwenye hekalu la Singasinga. Wanampa kila mtu, hawaulizi umebeba nini." Akatazama furushi. "Ningekuwa najua ni nini ningekitaja."

"Ungesema ni mtoto wa watu," nikamwambia.

Nilisema kwa utani. Lakini uso wake ulibadilika, na baadaye niliona kwamba siku ile ndipo nilipomwongezea mzigo.

Kisha ikaja njaa ile ya miaka ya themanini ambayo tuliita Nikw'a Ngwete, nafa nikiwa nazo mkononi, maana pesa zilikuwako na chakula cha kununua hakikuwako. Ng'ombe yule mkorofi alikufa. Watoto darasani walikuwa wanalala juu ya madawati. Siku moja niliona moshi ng'ambo, si wa jikoni, mweusi na mwingi. Nikavuka. Kijito kilikuwa mchanga mtupu. Mwalimu alikuwa amesimama karibu na mtaro, na ndani ya mtaro madaftari yalikuwa yanaungua, majalada ya kijivu yakijikunja.

"Mwalimu. Yuko wapi?"

Alijua namuulizia nani. "Yumo," akasema.

"Umemchoma?"

"Watoto wa kweli wanalala njaa na mimi nakaa kumpangia mtoto wa uongo chakula atakachokula. Nilikuwa nakudanganya, Mama Ndunge. Miaka hii yote. Yule mzee wa kanisa aliniuliza mapema, nikafanya mzaha."

"Jina lake ni nani?"

"Sikupata."

Sikulia mwaka wa Uhuru, kwa sababu sikuruhusiwa. Nililia siku ile, pale kwenye mtaro wa mtu mwingine, nimekaa chini kwenye vumbi, na Katunge alitoka jikoni akakaa karibu nami. Nilikuwa na watoto wanne na watu wangedhani ningeshukuru. Lakini mtoto wangu alikuwa amekufa mara ya pili, na mara hii tena bila jina.

Sikuvuka kijito tena. Mvua zilirudi, kijito kikajaa, nikakiacha kijae. Tulikutana kanisani, akanipa mkono, nikaupokea kama unavyopokea wa mgeni. Mutisya alikufa, Mwalimu akaja kuchimba kaburi pamoja na wanaume wengine, na midomo yake haikuwa inacheza. Hilo niliona.

Miaka ilipita namna hiyo, kama kumi. Alistaafu. Siku moja asubuhi Katunge alivuka yeye mwenyewe, naye si msichana tena, ameshika fimbo.

"Mama Ndunge, Mwalimu anakuita."

"Ana nini?"

"Kiharusi kimempata upande wa kulia. Anaongea, lakini maneno yanakuja moja moja. Ananiambia jina lako tangu jana."

"Aendelee kuniita."

Katunge alinitazama tu. "Nilikuwa nikiwashia moto zile karatasi," akasema, "lakini nilizisoma zote kwanza. Unadhani ni wewe peke yako unayemjua yule mtoto?"

Nilivaa kitambaa, nikavuka naye. Tulimkuta Syombua amekaa mlangoni, amefika kabla yetu, kwa sababu Syombua alifika kila mahali kabla ya watu. Ilikuwa kama saa nne, ukungu ulikuwa umeanza kutoka vilimani. Mwalimu alikuwa kitandani karibu na dirisha, amepungua, mkono wa kulia umelala juu ya blanketi kama kitu cha mtu mwingine alichopewa akitunze.

"Keti," akasema. Ulimi wake ulikuwa mzito.

Nikaketi.

"Moja," akasema. "Moja nilirudia kuandika."

Katunge akatoa daftari chini ya mto. Lilikuwa moja tu, la kijivu. Mwalimu alikuwa ameliandika upya baada ya moto, miaka yote ile nilipokuwa simsemeshi, habari za yule mtoto peke yake, wengine wote wa kitabu amewaacha.

"Soma," akasema.

Nilisoma kama nilivyofundishwa na yeye mwenyewe, kwa kidole, neno kwa neno. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mtoto anayekimbia kwenye mtaro baada ya mvua. Na katikati ya mstari palikuwa na nafasi wazi. Nikasimama.

"Hapa pamefutika."

"Hapakufutwa. Endelea."

Nikaendelea. Nafasi nyingine. Na nyingine. Kila mahali mtoto alipopaswa kutajwa, Mwalimu alikuwa ameacha nafasi wazi, pana kama kidole changu. Niliangalia karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa na tundu hata moja. Maneno aliyokosea alikuwa ameyapiga mstari. Nikasoma jino la mbele. Nikasoma mto, na alivyokataa kuvuka. Kila nikifika kwenye nafasi ile ulimi wangu ulianguka ndani yake kama mguu unaokosa ngazi.

"Kosa langu," Mwalimu akasema. Tulingoja maneno yafike. "Nilikaa mezani peke yangu. Mwanamume. Natafutia mtoto jina. Nani wa kwetu ameona hivyo? Nilisoma mpaka nikasahau. Jina linatolewa na wanawake."

Kisha Syombua, ambaye nilidhani ataharibu kila kitu, akasogeza kiti chake karibu nami, na Katunge akaja upande wa pili. Tukawa wanawake watatu wazee, na daftari juu ya mapaja yangu.

"Haya," Syombua akasema taratibu, kama wanawake walivyouliza zamani. "Huyu tumwite nani?"

Mimi ninayejua majina yote. Miaka zaidi ya ishirini Mwalimu alitafuta jina lisilo la mtu, na mimi nilikuwa nikitafuta naye kichwani, na halikuwako, kwa sababu jina lisilo la mtu si jina. Nikafungua mdomo na lililotoka ni jina la kawaida kabisa. Wenye jina hilo Kilungu ni wengi, wawili walikuwa kwaya moja nami.

"Mwikali," nikasema. Kwetu ni yule aliyekaa, ambaye hakuondoka.

"Mwikali," Katunge akaitikia.

"Mwikali," Syombua akasema. "Basi na aje ale."

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Ukinisimulia, usinitaje. Niache wazi. Nilimkalisha hivyo mtoto wako. Nami nikae."

"Sitakutaja," nikamwambia.

Katunge alitoa penseli kwenye mkebe wa majani ya chai. Ilikuwa butu. Akaenda nje akarudi na panga, akaliweka juu ya goti lake mwenyewe, akaichonga kama alivyoona ikichongwa maisha yake yote. Akanipa. Mwalimu akafumbua macho akanitazama nikirudi kwenye ukurasa wa kwanza. Niliandika kwenye nafasi ya kwanza, pole pole, nikikaza ulimi kwenye meno kama nilivyofanya kule kanisani benchi la mbele.

Akaomba aone. Nikamgeuzia daftari.

"Herufi kubwa," akasema.

Nilikuwa nimeanza na m ndogo. Nikatafuta raba mezani, nikatafuta dirishani.

"Usifute," akasema. Maneno yalikuja moja moja, nikayangoja yote. "Piga mstari. Andika tena, Mama Mwikali."

Nikapiga mstari.